Mimea mipya ya tangi la samaki itengwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji niseme na wenzangu tunaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo, pamoja na wale wanaotuuzia mimea ya majini. Ombi langu ni moja: mmea mpya usiingizwe katika tangi lenye samaki siku ileile unaponunuliwa, bali ukae kwanza karantini, katika chombo kisicho na samaki hata mmoja, kwa muda wa wiki nne. Nalisema hili kwa sababu nimewaona wafugaji waangalifu kabisa, watu wanaomtenga samaki mpya kwa wiki kadhaa kabla ya kumchanganya na wenzake, wakichukua mche uliotoka katika tangi lilelile la dukani na kuupanda jioni hiyohiyo, kana kwamba ugonjwa hujua kupanda mgongoni mwa samaki tu na hauwezi kushika jani.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Tangi langu la lita 120 lilikuwa limetulia kwa karibu miaka miwili, lina samaki wadogo 18 aina ya neon tetra, na kwa zaidi ya mwaka mzima nilikuwa sijaongeza samaki mwingine. Nilinunua mashina matano ya mmea wenye majani membamba, nikayasuuza chini ya bomba, nikayapanda. Asubuhi ya siku ya sita nilimwona samaki mmoja akijikwaruza ubavu kwenye jiwe. Nilichukua tochi nikammulika kutoka pembeni, nikaona juu ya pezi lake la mkia vidoa vitatu vyeupe, kila kimoja kama punje ya chumvi, vimeinuka kidogo juu ya ngozi. Siku ya nane vidoa vile vilikuwa vimetoweka, nami nikafurahi nikidhani amepona mwenyewe. Siku ya 13 karibu samaki wote walikuwa na madoa, na kadhaa walikuwa wakihema upesi upesi juu juu ya maji, dalili kwamba matamvua nayo yalikuwa yameshambuliwa. Nilizika 11 kabla dawa haijafanya kazi. Katika muda huo wote halikuingia samaki mpya, wala chakula hai, wala wavu wa kuazima. Kilichoingia kutoka nje kilikuwa ni yale mashina matano.

Furaha yangu ya siku ya nane ndiyo inayonifanya niandike barua hii kwa urefu, kwa kuwa ilitokana na kutojua jinsi ugonjwa huo wa madoa meupe unavyokwenda. Kimelea chake ni kiumbe cha seli moja kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, jina lililotolewa na Fouquet mwaka 1876, na maana yake ni chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Doa tunaloliona ni kimelea kilichojificha chini ya ngozi ya samaki, kinakula na kunenepa hadi kufikia karibu milimita moja. Kikishiba hutoboa ngozi, huanguka majini, hutafuta mahali pa kushika, hujizungushia ute na kuanza kugawanyika. Hapo ndipo doa hutoweka kwa macho ya mfugaji. Ndani ya kifuko kile seli moja huwa mbili, mbili huwa nne, mpaka zinapatikana mamia, hata elfu moja, na katika maji ya joto la nyuzi 25 kazi hiyo huweza kumalizika ndani ya siku moja hivi. Kisha kifuko hupasuka, vitoto hutoka na kuogelea vikitafuta samaki wa kuingia.

Mahali pa kushika panaweza kuwa changarawe, kioo, sponji ya kichujio, au jani. Kifuko chenyewe ni kidogo, hakina rangi ya kukitofautisha, na ute wake hukibandika barabara. Kwa hiyo mtu anayeinua mche kutoka katika tangi lenye samaki wagonjwa, akauangalia juu na chini na kuuona wa kijani safi, anaweza kuwa ameshika mkononi kizazi kizima cha ugonjwa bila kukiona. Maji ya bomba hayaking'oi chote. Hata maji machache yaliyobaki katika mfuko wa plastiki na katikati ya mizizi yanatosha kubeba vitoto vinavyoogelea.

Lakini mzunguko huohuo unaotisha ndio unaotupa silaha. Kitoto kilichotoka katika kifuko hakina akiba kubwa ya nguvu, na katika maji ya vuguvugu kisipompata samaki ndani ya siku mbili hivi hufa. Hakiwezi kula mwani, hakiwezi kula jani lililooza, hakiwezi kujifunga tena katika kifuko na kusubiri. Chombo kisicho na samaki ni jangwa kwake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kinachotibu katika karantini ya mimea si dawa wala kusugua, bali ni muda unaopita bila samaki kuwepo. Watu wa kale walilielewa hili katika mambo yao: mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliweka mwaka 1377 sheria ya kuwazuia wageni waliotoka sehemu zenye tauni wakae kando kwa siku 30 kabla ya kuingia mjini, na baadaye siku hizo zikawa 40, hesabu ambayo ndiyo iliyozaa neno karantini lenyewe.

Kwa madoa meupe peke yake, na katika maji ya nyuzi 24 hadi 26, wiki moja au mbili zingetosha. Mimi nasema nne kwa sababu mmea haubebi kimelea kimoja tu. Yuko kupe wa samaki, Argulus, mnyama mdogo bapa wa jamii ya kamba, ambaye humwacha samaki ili atage mayai yake kwa mistari juu ya mawe, vioo na majani, na mayai hayo huchukua wiki kadhaa kuanguliwa kulingana na joto la maji. Yako mayai ya konokono, ambayo kwa kawaida huanguliwa kati ya wiki moja na tatu. Na wako wengine ambao si magonjwa lakini ni wauaji wa vifaranga vya samaki: haidra, mwenye mikono kama nyuzi zinazochoma, na lava wa kereng'ende, yaani mtoto wake anayeishi majini, ambaye anapoletwa akiwa mdogo kama uzi haonekani, ila baada ya majuma machache amekua vya kutosha kukamatwa kwa kibano. Wiki nne zinampa kila mmoja wa hawa nafasi ya kuanguliwa, kukua na kujitokeza, au kufa kwa kukosa samaki.

Juu ya konokono niseme zaidi, maana hapa pana maneno mengi. Wengine huwaogopa konokono wote kama ugonjwa, na wengine huwapuuza wote. Konokono aliyezaliwa na kukulia katika matangi kwa vizazi vingi kwa kawaida hana madhara zaidi ya kuzaliana kupita kiasi pale chakula kinapozidi. Aliyetoka katika bwawa la wazi au mtoni ni jambo jingine. Minyoo bapa ya aina kadhaa hupita kwa konokono kwanza, kisha kwa samaki, kisha kwa ndege anayekula samaki, na konokono aliyekwisha kuambukizwa huweza kutoa maelfu ya mabuu majini kwa siku moja. Ndani ya tangi la nyumbani, ambako ndege hafiki, minyoo hiyo haiwezi kukamilisha mzunguko wala kuhama kutoka samaki hadi samaki, lakini konokono mmoja aliyeletwa na mmea anatosha kuwaharibu samaki waliopo. Kwa hiyo mmea uliochumwa bwawani uhesabiwe kuwa na hatari kubwa kuliko ule wa dukani, na konokono watakaoonekana juu yake waondolewe wote, hata wale wanaopendeza.

Mayai ya konokono nimejifunza kuyatafuta baada ya giza kuingia. Nauinua mche taratibu, naushika mbele ya tochi ili mwanga upite ndani ya jani, na yale mayai hujitokeza upande wa chini kama tone la ute lenye nukta nukta ndani yake. Ukiyatazama kwa lenzi ya kukuzia siku chache baadaye unaona kila nukta imekuwa na kivuli kinachojizungusha. Ute huo ni mgumu kuliko unavyodhaniwa. Kidole huteleza juu yake. Hukwanguliwa kwa ukucha au kwa ukingo wa kadi, na kama jani lina mayai mengi, ni bora kulikata jani zima na kulitupa.

Asiyeamini kwamba mnyama mzima anaweza kusafiri ndani ya mmea bila mtu kumwona akumbuke yaliyotokea Marekani mwaka 2021. Mapema mwaka huo chaza wadogo wenye michirizi kama ya punda milia, viumbe waharibifu ambao nchi hiyo imetumia fedha nyingi kupambana nao katika maziwa na mabomba yake ya maji, walikutwa ndani ya mipira ya mwani iitwayo marimo iliyokuwa ikiuzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Habari ilianzia duka moja mjini Seattle, na kabla ya wiki nyingi kupita mipira yenye chaza ilikuwa imepatikana katika majimbo zaidi ya 20. Wanunuzi walishauriwa kuiharibu kwa kuigandisha, kuichemsha au kuitia katika klorini kabla ya kuitupa. Mipira hiyo ilikuwa imeshapita mikononi mwa wasafirishaji, wauzaji na wanunuzi, na wengi wao hawakuona kitu.

Najua kwamba wengi hupendelea njia ya mkato, yaani kuuchovya mmea katika dawa na kuupanda saa hiyohiyo. Siipingi dawa; napinga kuitegemea peke yake. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, yenye nguvu ya asilimia tano hivi, sehemu moja ikichanganywa na sehemu 19 za maji, huua mwani na viumbe vingi ndani ya dakika mbili, na mimea migumu kama Anubias huistahimili. Lakini Vallisneria na mimea ya mosi huungua nayo, na mashina laini hugeuka uji. Baada ya kuuchovya, mmea usuuzwe kwa maji mengi na kulowekwa katika maji yenye dawa ya kuondoa klorini, kwa kuwa mabaki kidogo tu yanaweza kuua samaki. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki wala na sabuni yenye amonia, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu kwa binadamu. Pamanganeti ya potasiamu, kwa kipimo cha miligramu 10 kwa lita moja ya maji kwa dakika 10, ni nafuu zaidi kwa majani, nayo inajieleza yenyewe: maji yakiwa ya zambarau inafanya kazi, yakigeuka kahawia nguvu zake zimekwisha. Hata hivyo haiaminiki kwa mayai ya konokono yaliyo ndani ya ute. Wengine hutumia shabu kwa ajili ya konokono. Dawa zenye shaba nisingemshauri mtu kuzitumia, kwani huua kamba na huweza kuumiza mimea yenyewe. Zote hizi zina upungufu mmoja, kwamba hufika pale maji yanapofika kwa dakika hizo chache, na mmea una makunyanzi, mashimo na mizizi iliyofumana ambako hayafiki vizuri. Kwa hiyo mwenye kupenda achovye siku ya kwanza, kisha aanze kuhesabu wiki nne kama kawaida.

Chombo cha karantini hakihitaji gharama wala nafasi kubwa. Ndoo nyeupe ya lita 10, beseni la plastiki au gudulia la kioo linatosha kwa mashina machache. Mimi napenda nyeupe kwa sababu kila kinachotambaa chini huonekana. Kabla ya kuutia mmea ndani, toa kijungu chake na ile pamba ya mawe inayozunguka mizizi, ambayo ni maficho mazuri ya konokono na mayai, ondoa vipande vya madini ya risasi au mipira inayofunga mashina, kata majani yaliyooza na punguza mizizi iliyokufa. Usuuze, uuangalie, uutie. Joto liwe nyuzi 24 hadi 26. Mwanga uwepo saa sita hadi nane kwa siku, kwa taa ndogo au karibu na dirisha pasipochomwa na jua kali. Kwa kuwa hakuna samaki wa kutoa kinyesi, hakuna mbolea, hivyo matone machache ya mbolea ya mimea ya majini kwa wiki yanasaidia. Badilisha nusu ya maji kila wiki na ufyonze uchafu wa chini.

Kubadilisha maji huko kuna faida nyingine ambayo wafugaji wa kamba wanaijua kwa machungu. Baadhi ya mimea hupuliziwa dawa za kuua wadudu huko inakokuzwa, hasa ile inayosafirishwa mbali, na kamba ni dhaifu mno mbele ya dawa hizo kuliko samaki. Mabadiliko ya maji ya wiki nne huosha sehemu kubwa ya mabaki hayo.

Jambo la joto lisipuuzwe. Katika maji ya baridi kimelea cha madoa meupe hupunguza mwendo wake. Kwenye nyuzi 10 mzunguko ambao ungemalizika kwa siku chache huweza kuchukua zaidi ya mwezi. Mtu anayeweka ndoo mahali pa baridi bila hita, kama wafanyavyo wengi wanaofuga samaki wa dhahabu, asihesabu wiki nne sawa na mwenzake; aongeze angalau mbili nyingine, au bora apashe maji joto na kumaliza kazi mapema.

Vilevile kuna makosa mawili yanayobatilisha karantini nzima. La kwanza ni kuongeza mche mpya katikati ya muda. Mche ulioingia jana umekuja na maji yake ya jana, hivyo hesabu ya chombo kizima huanza upya tangu siku hiyo, na asiyetaka kuanza upya atafute ndoo ya pili. La pili ni ushauri ninaousikia mara kwa mara, tena kutoka kwa watu wenye uzoefu, wa kumtia ndani samaki mmoja wa bei nafuu ili awe kipimo: akiugua, mmea una ugonjwa, asipougua, mmea ni salama. Ushauri huo naupinga kwa nguvu zote. Kwanza, samaki huyo ndiye chakula ambacho kimelea kilikuwa kimekikosa, na kwa kumtia tunaufufua mzunguko uliokuwa unakufa wenyewe. Pili, anaweza kuwa na kinga na kubeba vimelea vichache bila kuonyesha doa hata moja. Tatu, ni kiumbe hai, na hakuna haki ya kumweka mahali ili afe kwa niaba ya wengine wakati subira peke yake ingetosha.

Suala la kinga linajibu pia maneno ambayo kila mnunuzi ameambiwa dukani: «Samaki wangu wote wazima, tazama mwenyewe.» Muuzaji huenda anasema kweli. Samaki aliyeugua madoa meupe akapona hujenga kinga dhidi yake, na tangi la dukani linalopokea samaki wapya kila mara linaweza kuwa na vimelea vichache vinavyoendelea kuzunguka kati ya samaki wenye kinga bila kuleta vifo. Samaki wa nyumbani kwako hawana kinga hiyo. Kilicho kimya kule kinakuja kulipuka huku, na wala hakuna aliyedanganya.

Ndiyo sababu swali la kumuuliza muuzaji si kama samaki wake ni wazima. Muulize kama tangi la mimea lina samaki ndani yake, na likiwa halina, muulize kama maji yake yanazunguka pamoja na maji ya matangi ya samaki. Maduka mengi yana kichujio kimoja kikubwa kinachohudumia matangi yote, hivyo tangi la mimea linaloonekana halina samaki linapokea maji ya samaki wa duka zima kila saa. Uliza pia kama mmea ulikuzwa juu ya maji au ndani yake. Uliokuzwa juu ya maji, ukiwa na mizizi tu kwenye unyevu, una nafasi ndogo zaidi ya kubeba vimelea vya samaki, ingawa ukizamishwa majani yake ya zamani huoza na mapya huota, jambo linalowatisha wengi wakadhani karantini ndiyo inayoua mmea. Bora kuliko yote ni mimea iliyooteshwa maabara katika jeli, ndani ya vikombe vilivyofungwa. Hiyo haina konokono wala vimelea, na inatosha kuosha jeli yote kabla ya kuipanda.

Nisiwapotoshe wasomaji kwa kusema karantini huzuia kila kitu. Yako magonjwa ya bakteria ambayo hayategemei samaki ili kuishi. Mojawapo husababishwa na Mycobacterium marinum, bakteria aliyetambuliwa na Aronson mwaka 1926 katika samaki waliokufa kwenye akwaria ya Philadelphia, ambaye hukaa katika utando wa ute juu ya vitu vilivyo majini na hasubiri samaki afike ndipo aendelee kuwepo. Wiki nne bila samaki hazimwondoi. Huyu huweza kumwambukiza hata mtu, akipenya kupitia mkwaruzo wa ngozi na kuleta vinundu vigumu mkononi vinavyochelewa kupona, kwa hiyo mwenye kidonda avae glavu anaposhughulika na tangi au ndoo. Dhidi ya bakteria wa namna hiyo, ulinzi wa samaki ni maji safi, nafasi ya kutosha na kutowachosha. Karantini inashughulikia vimelea vinavyohitaji samaki na wadudu wanaoonekana wakikua, na hao pekee wanatosha kuwa sababu ya kuifanya.

Chombo cha karantini kiwe na vifaa vyake: wavu wake, kibano chake, mpira wake wa kufyonzea maji. Mimi nimeviwekea alama ya rangi nyekundu ili mtu mwingine wa nyumbani asivichanganye. Kisiwekwe juu ya tangi wala pembeni yake ambako matone yanaweza kuruka. Anayehudumia vyote viwili aanze na tangi, amalizie na ndoo, kisha anawe na kukausha mikono. Vifaa navyo vikaushwe kabisa, kwa kuwa vimelea vingi vya majini haviwezi kustahimili ukavu. Maji yanayotolewa katika ndoo yamwagwe katika choo au karo iliyounganishwa na mfumo wa majitaka, yasielekezwe mtaroni wala mtoni, na vipande vya mimea vilivyokatwa vikaushwe juani mpaka vikauke kabisa ndipo vitupwe. Tukiwa tunakwepa kuleta viumbe wa bwawani katika matangi yetu, tusiwapeleke wa matangi yetu bwawani.

Kwa wauzaji nina ombi ambalo halitawagharimu zaidi ya kipande cha karatasi. Pale mnapoandika bei ya mmea, andikeni pia kama ulikaa na samaki, kama maji yake ni ya pamoja na ya matangi mengine, na tarehe ulipofika dukani. Anayeweza kutenga chombo kimoja kisicho na samaki, chenye maji yake peke yake, akaihifadhi mimea humo kwa wiki nne kabla ya kuiuza, ana haki ya kudai bei kubwa zaidi, nami ni miongoni mwa watakaoilipa bila kunung'unika.

Samaki wangu saba waliobaki bado wanaishi katika tangi lile. Baadaye nilinunua tena mashina ya aina ileile, nikayaweka ndooni. Siku ya tisa niliona konokono wadogo kama kichwa cha sindano wakipanda ukutani, na siku ya 16 nilimtoa kwa kibano lava mmoja wa kereng'ende mwenye urefu wa ukucha wangu, ambaye siku ya kwanza, pamoja na tochi na lenzi yangu, sikuwa nimemwona.

Wako,
Mfugaji wa samaki wa mapambo